Anayenunua Kampuni Hajanunua Mtandao: Mhadhara Uliotolewa Tabora

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na ninyi wanaushirika mliotoka Urambo na Sikonge, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitalisema tena, kwa sababu mikataba ya kununua mitandao ya kidijitali bado inaandikwa kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Mtandao mmoja wa blokucheni, yaani daftari la miamala linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, unapoununua mradi mwingine, kinachonunuliwa ni kampuni, nembo, mikataba ya watumishi na tokeni, yaani sarafu za kidijitali za mtandao, zilizomo katika akaunti za kampuni hiyo. Watumiaji, pamoja na wale wanaoendesha kompyuta za kuthibitisha miamala, hawamo katika hati ya mauzo. Anayenunua ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hapewi wakulima wa tumbaku pamoja na mabati. Msimu ukifika, wanaweza kuupeleka mzigo wao kwingine.

Mfano ninaoushikilia ni wa Steem, mtandao ulioanza mwaka 2016 na kuwalipa watu tokeni kwa maandishi yao. Kampuni iliyouanzisha, Steemit, ilijipatia fungu kubwa mno la tokeni katika siku za mwanzo, kabla umma haujapata nafasi ya kushindana nayo, kisha ikawaaminisha watu kwamba fungu hilo lingetumika kuendeleza mtandao na lisingepigiwa kura. Februari 2020, Justin Sun, mwanzilishi wa Tron, mtandao mwingine wa blokucheni, aliinunua kampuni hiyo. Watumiaji wa Steem hawakuulizwa. Walisikia habari hiyo kwenye matangazo, kama mimi na wewe.

Ili muione hatari yenyewe, itazameni kanuni ya kura. Steem iliendeshwa na mashahidi 20 wa juu, yaani waendeshaji wa kompyuta za kuthibitisha miamala, waliochaguliwa kwa kura zinazopimwa kwa wingi wa tokeni, na kila mpiga kura aliruhusiwa kuwachagua mashahidi hadi 30, kila mmoja kwa uzito wote wa tokeni zake. Kwa kanuni hiyo, mwenye fungu linalowashinda wengine hapati viti kulingana na sehemu yake. Anavichukua vyote 20. Mashahidi walilijua hilo, wakabadilisha programu na kulizuia fungu la kampuni lisipige kura. Tarehe 2 Machi, masoko makubwa ya sarafu za kidijitali, yakiwamo Binance, Huobi na Poloniex, yalipiga kura kumuunga mkono Sun kwa tokeni ambazo wateja walikuwa wameziweka kwao, na mashahidi wote 20 wakaondolewa. Tafakarini: tokeni zikishafungwa kwa ajili ya kura, kuzifungua zote kulichukua wiki 13, na wenye mali hawakuwa wameombwa ruhusa. Tarehe 20 Machi, jamii ilinakili mtandao mzima na kuanzisha Hive, ambako watumiaji kwa jumla walipewa tokeni sawa na walizokuwa nazo Steem, lakini fungu la kampuni halikuhamishwa.

Najua atainuka mtu aseme kwamba mashahidi ndio waliotangulia kukosea, kwa kuzuia mali iliyonunuliwa kihalali. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi, kwa sababu upande wa pili, ule wa mnunuzi, nao ulifanya vivyo hivyo Mei 2020, pale Steem ilipozichukua takriban tokeni milioni 23.6 kutoka akaunti 64. Hata hivyo, kosa la msingi lilikuwa la muuzaji. Ahadi yake ilibaki katika maneno, haikuandikwa katika programu ambayo ingelizuia fungu lile bila kujali linamilikiwa na nani, na akauza kitu chenye ahadi bila ahadi hiyo kumfunga mnunuzi. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, ambayo siko tayari kuilegeza, ni hii: kila ahadi iliyotolewa juu ya hazina ya mradi itekelezwe na programu kabla fedha hazijabadilisha mikono, na tokeni za kampuni inayouzwa, sawa na tokeni za wateja zilizo mikononi mwa masoko, zisihesabiwe katika kura ya kuidhinisha mauzo.

Kura hiyo ipigwe pande zote mbili. Mnunuzi naye ana wenye tokeni, na anapotoa tokeni mpya kulipia ununuzi anapunguza sehemu ya kila mmoja wao. Mwaka 2021, mtandao wa Polygon ulipouchukua mradi wa blokucheni wa Hermez, ulitenga tokeni milioni 250 kwa kazi hiyo. Kiasi kama hicho hakistahili kuamuliwa katika chumba cha wakurugenzi peke yao.

Kuhusu kiwango cha kubadilisha tokeni za mradi unaonunuliwa kwa zile za mnunuzi nitapita haraka. Mwaka 2025, LayerZero, mradi wa kuunganisha blokucheni, ilipotaka kuichukua Stargate, huduma ya kuhamisha tokeni kati ya blokucheni, waliokuwa wamefunga tokeni zao za Stargate kwa muda mrefu walilalamika kwamba wangepoteza mapato yao, na pendekezo likarekebishwa ili wapate nusu ya mapato kwa miezi 6. Bei ya sokoni haimpimi aliyejifunga. Afikiriwe peke yake.

Madeni pia yaandikwe. Fei, mradi wa sarafu ya kidijitali, na Rari, mradi wa mikopo ya kidijitali, ziliungana Desemba 2021. Aprili 2022 wezi wakachukua takriban dola milioni 80 kutoka upande wa Rari, na waathirika wakangoja hadi Septemba, kura moja ikikubali kuwalipa na nyingine ikikataa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameamua mapema nani atabeba hasara ya namna hiyo.

Limebaki suala la kutoka. Asiyetaka kuhama apewe muda na tokeni zake za zamani ziendelee kufanya kazi, na msimbo, yaani maandishi ya programu, ubaki huria ili aweze kuendelea bila mnunuzi. Vijana mnaojenga programu hapa Tabora, kifungu hicho mkiandike leo, wakati hakuna mnunuzi mezani, kwa maana akishafika na fedha, mwanasheria wake ndiye atakayekiandika. Karibuni kwa maswali.