Zabuni za Ulinzi na Mkono wa Kumshika Mfanyabiashara Mdogo

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya mafundi na wafanyabiashara wadogo

Assalamu alaykum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote. Nawashukuru wazee wetu, kina mama na vijana mlioziacha kazi zenu mchana huu mkaja kunisikiliza. Nimeombwa nizungumze juu ya misaada ambayo serikali huwapa wafanyabiashara wadogo wanaotaka kuyauzia majeshi bidhaa na huduma. Naomba nianze na turubai.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulikuwa na kibanda cha kushona maturubai upande wa Likoni. Kazi yenyewe tuliijua. Turubai la kufunikia boti hushonwa mara mbili kwenye upindo, hutiwa ringi za shaba kila baada ya shubiri mbili, na uzi wake lazima uwe ule unaostahimili jua na chumvi, kwa maana uzi wa pamba haumalizi kusi na kaskazi kabla haujaanza kukatika. Taasisi moja ya serikali ikatangaza zabuni ya maturubai ya aina hiyohiyo. Tukajaza karatasi, tukakesha nazo, na siku bei ziliposomwa mbele ya wazabuni, yetu ilikuwa ndogo kuliko zote. Tulirudi na feri jioni ile tukiwa tumekwisha kugawana mapato kichwani. Wiki chache baadaye ikaja barua: tumeondolewa katika hatua ya kwanza kabisa, kwa sababu kurasa za hati yetu hazikupigwa nambari mfululizo kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Sampuli ya turubai tuliyoipeleka ilirudi ikiwa imekunjwa vilevile tulivyoikunja.

Nilikasirika sana, na hasira yangu niliielekeza pasipostahili. Sharti la nambari za kurasa limo katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, na lina sababu yake: ukurasa ukichomolewa au ukichomekwa baada ya sanduku la zabuni kufunguliwa, itajulikana. Hakuna aliyetudhulumu. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia. Huyo mtu wa kutuambia ndiye ninayekuja kumzungumzia leo, kwa kuwa nimeamini kwamba msaada wowote wa serikali usiokuwa na mtu huyo ndani yake humfikia mfanyabiashara mdogo ukiwa nusu.

Tazameni ng'ambo ya kivuko. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa rasmi Desemba 1964, na kambi yake kuu iko Mtongwe, mwendo mfupi kutoka gati ya feri. Watu wakisikia zabuni za ulinzi, fikira zao huenda moja kwa moja kwenye mizinga na meli za kivita, wakajiondoa wenyewe kabla ya kuondolewa. Lakini askari hula, huvaa na hulala kama sisi. Kambi yoyote huhitaji mboga, magodoro, rangi, kamba, mabomba, karatasi za ofisini, mafundi wa viyoyozi na watu wa kuzoa taka. Sheria yetu yenyewe huyagawa manunuzi ya vyombo vya usalama mafungu mawili: kuna vitu vya siri, ambavyo vina utaratibu wake wa faragha, na kuna vitu vya kawaida, ambavyo hununuliwa kwa taratibu za zabuni zinazofanana na za wizara nyingine. Fundi wa Likoni hana haja na fungu la kwanza. Hilo la pili linamtosha umri wake wote.

Sasa nataka tuvuke bahari kidogo, tutazame nchi ambayo imelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu, nayo ni Marekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilionekana wazi kwamba kandarasi za vita zilikuwa zikiishia kwenye makampuni makubwa machache, huku karakana ndogo zenye mashine na mafundi zikikaa bila kazi. Mwaka 1942 Bunge la nchi hiyo likaunda shirika lililoitwa Smaller War Plants Corporation, ambalo kazi yake ilikuwa kuzitafutia karakana hizo mikopo na sehemu yao katika kandarasi. Vilipokuja Vita vya Korea likaundwa jingine la namna hiyo mwaka 1951, na mwaka 1953, chini ya Rais Eisenhower, likazaliwa shirika la kudumu la biashara ndogo, Small Business Administration, ambalo lipo mpaka leo. Kwa hiyo fikira ya kumsaidia mfanyabiashara mdogo ilizaliwa katika shida ya vita, kwa kuwa serikali ilihitaji kila mkono unaoweza kukata chuma, na huruma haikuwa sababu ya pekee.

Leo lengo lililowekwa na sheria yao ni kwamba angalau asilimia 23 ya thamani ya kandarasi ambazo serikali kuu inazitoa moja kwa moja ziende kwa biashara ndogo. Tena kampuni kubwa ikipata kandarasi kubwa, kwa kawaida hulazimika kuwasilisha mpango unaoonyesha ni kazi gani itazigawia biashara ndogo kama wakandarasi wadogo chini yake. Hayo ni mafungu na malengo, na nchi nyingi zinayo. Kilichonivutia zaidi mimi ni kile walichokianza mwaka 1985.

Mwaka huo walianzisha mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo ushauri wa ununuzi wa serikali, hasa ununuzi wa wizara ya ulinzi. Serikali kuu hutoa sehemu ya fedha, na serikali ya jimbo, chuo kikuu au shirika la mahali hapo huongeza sehemu yake, kikafunguliwa kituo chenye washauri. Kwa miaka mingi mpango huo ulisimamiwa na idara ya ugavi ya wizara ya ulinzi. Mwaka 2022 ukahamishiwa ofisi ya biashara ndogo ya wizara hiyohiyo, na vituo hivyo, ambavyo sasa vinazidi 90, vikaitwa APEX Accelerators. Mshauri wa kituo hukaa na fundi mezani, aghalabu bila malipo. Humwonyesha namna ya kujiandikisha katika orodha ya serikali, humtafutia matangazo ya zabuni yanayolingana na kazi yake, na kabla hati haijapelekwa huisoma pamoja naye, neno kwa neno.

Hapo ndipo nilipomkumbuka karani mmoja mstaafu wa ununuzi anayekaa Majengo. Baada ya ile barua ya kukataliwa, mzee huyo alitufungulia mlango wake jioni mbili mfululizo. Alitutandikia hati yetu mkekani, akachukua kalamu nyekundu, na kila alipogonga ukurasa kwa ncha ya kalamu alisema neno moja tu: "Hapa." Hapa hamkutia sahihi. Hapa jina la kampuni si sawasawa na lile la cheti cha usajili. Hapa mmeambiwa nakala mbili, mmeweka moja. Alituhesabia makosa 11, na katika hayo halikuwamo hata moja linalohusu turubai. Kazi aliyoifanya mzee yule kwa hisani, Wamarekani wameifanya kuwa ajira, wameitengea bajeti, na wameiendeleza miaka 40.

Nisiwafiche upande wa pili. Wizara ya ulinzi ya Marekani yenyewe ilikiri mwaka 2023 kwamba idadi ya biashara ndogo zinazoihudumia ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika mwongo mmoja. Masharti yameongezeka, na mazito zaidi ni ya usalama wa taarifa za kompyuta: karakana inayoshika taarifa nyeti za jeshi, hata ikiwa na wafanyakazi wanane, inatakiwa itimize masharti 110. Kwa hiyo ushauri peke yake hauzuii mlango kuwa mwembamba. Lakini fikirini mtu mwenye karakana ya wafanyakazi wanane akiyasoma masharti 110 peke yake usiku, baada ya kazi.

Turudi kwetu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani, na papo hapo inaruhusu upendeleo kwa makundi yaliyoachwa nyuma. Tangu 2013 tuna mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Asilimia hiyo ni kubwa kuliko ile 23 ya Marekani, ingawa makundi yanayolengwa si yaleyale. Kujiandikisha katika AGPO, angalau asilimia 70 ya umiliki wa kampuni lazima iwe ya kundi husika, na uongozi wote uwe wao. Na katika zabuni zilizotengwa, hamtakiwi kupeleka dhamana ya benki. Mnajaza na kutia sahihi fomu ya tamko badala yake. Nawaomba mlikumbuke hili la dhamana, kwa maana nimewaona kina mama wakiuza dhahabu zao ili wapate dhamana ambayo sheria imekwisha kuwasamehe. Wengine wenu mmesikia pia juu ya asilimia 20 kwa wakazi wa kaunti. Hiyo ni ya manunuzi ya serikali ya kaunti, msiitegemee mbele ya wizara ya ulinzi.

Tukikosa zabuni, sheria inatupa siku 14 za kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa za ununuzi, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Sisi watatu hatukulijua hilo. Tulikaa na barua mwezi mzima tukinung'unika.

Basi fungu tunalo, na haki ya kulalamika tunayo. Ambacho hatuna ni meza. Hapa Mombasa kijana akiwa na cheti cha AGPO mkononi, aende wapi asomewe hati yake ya zabuni? Huenda kwa mtu wa saiba, yule wa duka la kompyuta, ambaye hujaza fomu kwa haraka ili amhudumie mteja mwingine. Au hukutana na dalali anayemwambia: nipe cheti chako, mimi nina mtaji, nitaiendesha kazi, wewe utapata kitu kidogo. Kijana hutia sahihi, zabuni huingia katika hesabu kama ya vijana, na yeye hubaki bila ujuzi wowote. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa sababu sheria iliyotungwa ili imwinue hugeuka kuwa jina lake la kukodishwa.

Mkipata zabuni, kuna mtihani wa malipo. Sisi tulipokuja kufaulu, kwa msaada wa kalamu ile nyekundu, tulipeleka mali kwa wakati, tukapeleka ankara, tukangoja. Tulingoja mpaka tukauza cherehani moja kati ya tatu ili tulipe kodi ya kibanda. Sheria inasema malipo yaliyocheleweshwa yana riba, isipokuwa mkataba useme vingine. Lakini ni fundi gani mdogo atakayeidai riba kwa mnunuzi anayemtegemea mwaka ujao? Hazina ya Biashara za Vijana, iliyoanza 2006, na ile ya Wanawake, ya 2007, hukopesha kwa dhamana ya LPO, yaani ile hati ya mnunuzi ya kuagiza mali, na mkopo huo husaidia kununua vifaa vya kuanzia. Ulizeni masharti kabla ya kutia sahihi, na pigeni hesabu mkidhani malipo yatakawia.

Kuna njia nyingine ambayo ningetamani tuidai kwa sauti moja. Kampuni ya serikali ya kuunda na kukarabati meli, Kenya Shipyards Limited, iliyoundwa 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi, ina karakana Kisumu na hapa kwetu Mombasa. Penye gudi pana kuchomelea, kupiga rangi, kushona, kuseremala na kunyoosha mabati. Mji huu umeunda majahazi na kuyakalafati tangu zamani za mababu zetu, na watoto wa mafundi wale bado wako. Mpango wa kugawa kazi kwa wakandarasi wadogo, ulioandikwa ndani ya mkataba wenyewe kama wanavyofanya Marekani, ungewaingiza mafundi hao kazini bila kila mmoja wao kulazimika kushindana na kampuni za Nairobi kwa hati ya kurasa mia.

Na meza yenyewe hatuna sababu ya kungoja mpaka iletwe na wizara. Nimezungumza na yule karani wa Majengo. Umri umekwenda, lakini macho yake bado ni makali, na amekubali kukaa katika ukumbi huu kila Jumamosi baada ya adhuhuri, akisaidiwa na vijana wawili watakaojifunza kwake. Viti vipo, kalamu nitanunua mimi. Mje na hati nzima, msilete kurasa mnazoziona muhimu peke yake. Wenye barua za kukataliwa walizoziweka kabatini wazilete pia, kwa kuwa ameniambia hizo ndizo atakazozisoma kwanza.