Chapa picha ya mto kwa chumvi, fedha na jua

Karibuni. Leo tunachapa picha ya mto kwa njia ya William Henry Fox Talbot, Mwingereza aliyeanza kupaka karatasi chumvi na fedha huko Lacock miaka ya 1830.

Tuanze na picha yenyewe. Chagua maji yaliyotulia. Kamera za wakati ule zilihitaji muda mrefu wa mwanga, kwa hiyo maji ya kasi yalitoka ukungu mtupu. Dawa zao ziliona buluu kuliko rangi nyingine: anga likatoka jeupe, majani yakawa meusi. Ukitaka sura hiyo, igeuze picha yako kuwa nyeusi na nyeupe kwa chaneli ya buluu. Kisha igeuze negativu, yaani nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe, uichape kwenye plastiki angavu.

Sasa karatasi. Chukua ile nzito ya rangi za maji. Yeyusha gramu 20 za chumvi isiyo na madini joto katika lita moja ya maji, loweka karatasi humo, ianike.

Vaa glavu na miwani, tafadhali sana. Nitrati ya fedha, dawa inayoifanya karatasi ishike mwanga, huacha doa jeusi kwenye ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Changanya gramu 12 kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea betri, si asidi yake. Chini ya taa hafifu ya manjano, paka kwa brashi isiyo na chuma, wima kisha mlalo. Kausha gizani.

Weka negativu juu, bana kwenye fremu ya kioo, toa juani. Hapa usiangalie saa, angalia karatasi. Fungua nusu ya mgongo wa fremu, chungulia: inaanza zambarau, inaingia kahawia, halafu vivuli chini ya miti vinang'aa kama shaba. Usiitoe bado! Subiri hata maji meupe ya kwenye picha yashike rangi kidogo, maana dawa ya kukazia itaipausha.

Suuza mpaka maji yaache kuwa na utando wa maziwa. Kisha ikazie, ili mwanga usiendelee kuibadilisha: Talbot alikazia kwa chumvi nyingi. Mwaka 1839 John Herschel akaonyesha dawa bora, thiosalfeti ya sodiamu. Tumia gramu 150 kwa lita, beseni mbili, dakika nne kila moja.

Mwisho, saa nzima kwenye maji yanayotiririka, kisha ianike kivulini. Ikikauka itakolea tena kidogo.