Habu Haifi, Kinacholika ni Koni

(Mhadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya mafundi na watumiaji wa baiskeli)

Wazee wangu shikamooni, mafundi wenzangu habari za kazi. Asanteni kwa kunipa nafasi. Leo sitagusa breki wala cheni. Nimekuja kwa ajili ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu, na hasa vile vidude vidogo vilivyomo ndani yake, kwa sababu naamini hapo ndipo watu wetu wanapopoteza fedha bure.

Mnajua inavyokuwa. Mama anatoka Mabogini na baiskeli anayobebea mchicha, gurudumu la nyuma linacheza. Fundi analitikisa mara mbili, anamwambia, "Mama, habu imekwisha, tafuta gurudumu lingine." Mama wa watu anakwenda kukopa. Nami nasema mara nyingi habu ile haijaisha. Kilichokwisha ni koni moja, yaani kile kipande cha chuma chenye ncha ya mviringo ambacho gololi hutembea juu yake, au gololi zenyewe, kitu unachoweza kukishika kwa vidole viwili.

Habu ya kawaida ina ekseli, yaani chuma kirefu kinachopita katikati, koni mbili, vikombe viwili na gololi. Kikombe kimekaa ndani ya mwili wa habu, koni inazungushwa kwenye thredi za ekseli, ile mistari ya kufungia nati, na gololi zinatembea katikati yao. Mpango huu ni wa siku nyingi. Jules Suriray, fundi wa Paris, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya beringi za gololi mwaka 1869, na mwaka huohuo James Moore akashinda mbio za kutoka Paris hadi Rouen kwa baiskeli iliyofungwa beringi hizo. Kazi ya koni ni kuchakaa kabla ya habu. Njia ya gololi kwenye koni ni nyembamba kuliko ya kwenye kikombe, na koni ya kushoto au kulia haizunguki: inabeba mzigo sehemu ileile ya chini kila siku. Ndiyo maana ukiifungua unakuta imelika upande mmoja, na upande wa pili inang'aa.

Sasa tuifungue. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, halafu chukua kalamu ya wino ya kawaida. Pitisha ncha yake taratibu juu ya njia ya gololi, kuzunguka koni nzima. Ikiteleza bila kukwama, koni ni nzima hata kama ina mstari unaoonekana kwa macho. Ikikwama hata kidogo, pale pana kishimo, na koni hiyo haifai tena. Usijidanganye kwa grisi nyingi. Fanya hivyo hivyo kwenye kikombe. Kikombe kikiwa na vishimo, hapo nakubali, habu hiyo imefika mwisho, isipokuwa zile ambazo vikombe vyake hung'olewa na kubadilishwa.

Kuhusu gololi sina mjadala: ukishaifungua habu, weka mpya zote. Najua wapo wanaotoa mbili zilizovunjika na kuchomeka mbili mpya. Gololi iliyotumika imeshapungua kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Ukichanganya, zile mpya ndizo zinazobeba mzigo wote, kama watu wanne wanaobeba kitanda cha mgonjwa na mmoja wao ni mrefu. Mpya zinapasuka, au zinachimba koni, na baada ya muda mfupi mteja amerudi.

Na tuache kusema dukani "nipe gololi kubwa" au "nipe ndogo". Habu ya mbele mara nyingi hutumia gololi za inchi 3/16, yaani milimita 4.76, kumi kila upande. Ya nyuma hutumia za robo inchi, milimita 6.35, tisa kila upande. Zile za kwenye shingo ya usukani na pedeli huwa za 5/32, chini kidogo ya milimita 4. Mtu akikupa za 5/32 kwa habu ya mbele, zitaingia, koni itafungika, utadhani umemaliza kazi. Lakini zinatembea mahali pasipo pake na zitaharibu kikombe, ambacho ndicho kitu pekee tusichotaka kiharibike. Kwa hiyo nunua kalipa, kile kipimo cha unene. Hata ile ya bei ndogo, ya plastiki, itakutofautishia 3/16 na 5/32.

Kalipa hiyo hiyo itakuokoa kwenye ekseli, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndipo tunapoumia sana. Ekseli za nyuma za mtindo wa zamani wa Kiingereza zina unene wa inchi 3/8, karibu milimita 9.5, na thredi 26 kwa kila inchi. Baiskeli nyingi za gia za mitumba zina ekseli ya milimita 10, thredi zake zimeachana milimita moja. Thredi hizo mbili zinakaribiana mno. Nati ya milimita 10 inaingia kwenye ekseli ya 3/8 bila shida, inazunguka vizuri, na siku unayoikaza kwa nguvu inateleza na kukata thredi. Ukiona nati au koni inaingia kwa ulegevu, inatikisika kabla hujaikaza, iache. Hiyo si ya ekseli yako.

Unapokwenda kutafuta koni, nenda na ya zamani mfukoni, nenda na ekseli yake, na ikiwezekana nenda na gurudumu lenyewe. Linganisha thredi, urefu wa koni, upana wake pale kinapokaa kifuniko cha vumbi, na mkunjo wa njia ya gololi. Dukani ukikosa, usikate tamaa: pita kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Gurudumu lililopinda ringi linauzwa kwa kilo, na ndani yake mara nyingi kuna koni nzima kabisa. Mimi nashauri kila kijiwe cha mafundi kiwe na makopo ya koni na ekseli zilizopimwa na kuandikwa. Huo ni mtaji.

Kuna wanaokimbilia kwa wachonga vyuma. Arusha wanakwenda mtaa wa Unga Limited, na sisi hapa tunao wetu. Spesa, ile pete ya kujazia nafasi kwenye ekseli, mchonga vyuma atakuchongea vizuri sana. Koni, nawaombeni msichongeshe kwa chuma laini cha kawaida. Koni ya kiwandani imekomazwa kwa moto juu yake. Ile laini gololi zitaichimba mapema mno.

Zile habu zenye beringi zilizofungwa, yaani gololi zimeshafungiwa ndani ya pete mbili, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Soma namba ubavuni. 6001 maana yake tundu la milimita 12, upana wa nje 28, unene 8. 608 ni tundu la 8, nje 22, unene 7. Hazihitaji duka la baiskeli, duka lolote la beringi za magari na bodaboda linaweza kuwa nazo. Kwa vumbi na matope yetu chagua yenye alama ya 2RS, ambayo ina mpira pande zote mbili. Unapoipigilia, gonga pete ya nje tu, kwa soketi inayolingana nayo. Ukigonga ya ndani umeiua kabla haijatembea.

Kufunga: grisi ya beringi, wala si oili chafu ya gari. Kaza koni kwa vidole, shika koni kwa spana nyembamba, kaza nati juu yake. Kwa gurudumu la nyuma rekebisha upande wa kushoto, wa kulia uuache umefungwa. Spana ya koni ukiikosa, isage spana ya kawaida kwenye jiwe la mashine hadi unene wake ufike milimita 2, ukiichovya kwenye maji kila mara isipoteze ugumu. Kisha shika ringi, isukume kulia na kushoto: isicheze. Inyanyue uiachie: upande mzito ushuke wenyewe hadi chini.

Sasa swali la kijana wetu wa Chekereni, anayevuka mifereji ya mashamba ya mpunga kila siku, kwamba aifungue habu kila baada ya muda gani. Habu iliyopata joto juani ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Kwa hiyo ikizama, ifungue wiki hiyohiyo. Isiyozama, kabla ya masika na baada ya masika inatosha. Wala usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, maana maji yale ya nguvu yanapenya kifuniko cha vumbi. Ukifungua ukakuta grisi imekuwa kama maziwa, maji yameshaingia: toa yote, osha, pitisha ile ncha ya kalamu, tia gololi mpya.