Kijito Kilitangulia Reli

Walio nyuma sogeeni, tafadhali. Nitakachowaonyesha kina upana wa vidole viwili, na huko mliko mtaona utepe wa kijani, basi.

Hiki ni mfano mdogo wa kipande cha reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, pande za Tsavo. Njia yenyewe ilikuwa na upana wa mita moja kati ya chuma na chuma; kwenye mfano nimeipunguza mara 87, kwa hiyo ina kama milimita 12. Kijito cha mita tatu kinabaki milimita 34. Lile daraja la mwaka 1898, lenye kisa cha simba waliokula wajenzi wa reli, sikulithubutu. Nimechagua kijito kisicho na jina kinachopita ndani ya kalvati, yaani mfereji uliofunikwa chini ya reli.

Wengi wetu tunakosea palepale mwanzo: tunabandika reli juu ya plaiwudi bapa, kisha tukiona pengo tunalipaka buluu na kuliita mto. Mto gani huo ulio sawa na reli? Maji yalikuwapo kabla ya mhandisi, naye aliyakuta akahangaika kuyavuka. Siku hizi nakata plaiwudi kwanza, nashusha kijito sentimita nne, ndipo reli ije ijitafutie njia. Hapo tuta, ule udongo ulioinuliwa kubeba reli, linapata sababu ya kuwapo na kalvati inapata kazi.

Buluu nayo tuiache. Nimepaka kitanda cha kijito kahawia iliyokolea katikati, ikififia hadi rangi ya mchanga kwenye kingo. Jicho linadanganyika kwamba pana kina. Udongo mwekundu ni wa kweli. Niliuchekecha kwa soksi ya nailoni, nikauoka kuua wadudu, kisha nikapitisha sumaku. Ya sumaku msiiruke! Chembe za chuma zikiingia kwenye mota ya injini, mtaisikia ikisaga kama kinu.

Maji ni resini, ule utomvu wa dukani unaoganda kama kioo: tabaka la milimita mbili, likauke ndipo umimine jingine. Ukimimina nene linachemka lenyewe na kupasuka. Mara ya kwanza niliziba mwisho wa kijito kwa utepe wa karatasi. Asubuhi nikakuta kijito kimehamia kwenye zulia. Mke wangu hakusema neno, aliniletea mkasi.

Kuna anayeuliza kila mara kwa nini nisitie maji ya bombani. Maji hayapunguziki, ndugu yangu. Tone ni tone. Kwenye kijito hiki litavimba kama kuba na kumfikia mtu mfano miguuni.

Sasa mimea, na hapa ndipo ninapomaliza usiku wangu. Ipange kwa kiu. Ndani ya maji ni matete: nyuzi za kamba ya katani, nimezichovya rangi na kuzikata urefu usiolingana, ndefu kabisa milimita 35, yaani mita tatu. Zipande kabla ya tabaka la mwisho ili resini ishike mashina yake. Ukizichelewesha zitaonekana zimesimama juu ya kioo. Kwenye tope fuatisha ndago na nyasi mbichi, halafu migunga ya gome la manjano, na mikoma, ile miti ya jamii ya mnazi iotayo porini ambayo shina lake hugawanyika mawili, kisha kila moja mawili tena. Mkoma wa mita 12 ni milimita 138. Ukitoka hapo vidole vichache tu, kijani kikome: vumbi jekundu na vichaka vya kijivu.

Nilidhani nimemaliza. Akaja mzee mmoja aliyestaafu reli, akavaa miwani, akainama kimya muda mrefu.

“Mwanangu, pande zote mbili za tuta umepanda sawa?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na maji yakibanwa humo kwenye kalvati, yakitoka hayachimbi?”

Sikuwa na jibu. Upande wa tuta yanakotokea, maji husimama yakisubiri kupita, kwa hiyo matope hutulia na matete husongamana. Upande wa pili hutoka kwa nguvu, huchimba shimo na kuacha mawe matupu. Ilinibidi ning'oe matete ya upande ule kwa koleo, nikabandua resini kwa patasi kwa wiki nzima. Shimo lenyewe hili hapa. Nani ana tochi?