Ulizeni: tisa kwa ngapi?

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Nashukuru kualikwa na waandishi wa habari za mahakama, maana ninyi ndio mnaotusimulia yaliyotokea.

Nimekuja na risasi mbili, zimetolewa baruti na fataki, msiogope. Hii nyembamba ni 9 kwa 19, yaani kipenyo milimita 9 na ganda lenye urefu wa milimita 19, iitwayo Parabellum, aliyoibuni Georg Luger kule Ujerumani mwaka 1902. Hii nene ni .45 ACP ya John Browning wa Marekani; .45 ni sehemu ya inchi, yaani kipenyo chake milimita 11 na ushee. Kichwa cha hii nene kina gramu karibu 15. Cha mwenzake, saba na nusu. Ukimuuliza mtu ipi kali, atakuonyesha nene bila kufikiri.

Lakini kwanza neno lenyewe. Kiswahili kimeibebesha "risasi" mizigo mitatu: madini, kichwa kinachoruka, na kitu kizima chenye ganda na baruti ndani. Mkiandika "polisi waliokota risasi tatu", msomaji hajui ni zipi. Ganda hudondoka karibu na mfyatuaji, kichwa huenda kikakutwa ukutani upande wa pili. Mtu anaweza kufungwa maisha kwa tofauti hiyo. Nawaombeni sana, andikeni "ganda" likiwa ganda.

Turudi kwenye ukali. Kichwa chepesi hiki hutoka mtutuni kwa takriban mita 360 kwa sekunde, kinaipita sauti. Kile kizito, mita 255 hivi. Pigeni hesabu ya nishati: zote mbili zinaangukia karibu juli 480. Nene na nyembamba, sawa kwa sawa.

Ubishi wa unene ulianzia Ufilipino, ambako wanajeshi wa Marekani walilalamika kwamba bastola zao za .38 haziwazuii wapiganaji wa Moro, Waislamu wa kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 1904 Thompson, ofisa wa jeshi, na daktari LaGarde wakaenda machinjioni Chicago, wakapiga ng'ombe; wakapiga na maiti za watu, wakapendekeza isipungue .45. Mimi naona ushahidi ule ulikuwa mwembamba mno kubeba uamuzi mzito namna ile. Hata hivyo ulibebwa, na imani yake bado inatembea.

Kisha Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Risasi ya milimita 9 ya ofisa mmoja wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ilipita mkononi mwa jambazi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Yule mtu akaendelea kufyatua. Maofisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. Tangu hapo FBI wakaanza kupima kwa jelatini iliyogandishwa, inayoiga nyama ya mwili, wakitaka kichwa kipenye kati ya sentimita 30 na 46. Wakajaribu milimita 10, na mwaka 1990 ikaja .40. Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikarudi kulekule kwenye 9: vichwa vya kisasa vinapenya vya kutosha, na askari walio wengi hulenga vizuri zaidi kwa bastola isiyowatikisa mkono. Aliyekosa shabaha kwa nene amekosa tu.

Kwa hiyo tazameni kichwa kimetengenezwaje. Kilichovikwa shaba chote hupenya na mara nyingi hutokea upande wa pili. Chenye tundu kwenye ncha hupanuka kama uyoga na kwa kawaida hubaki mwilini. Vya kupanuka vilipigwa marufuku vitani na tamko la The Hague la 1899, lakini polisi wa nchi kadhaa huvitumia ili kisimtoboe mshukiwa kikampata mpita njia.

Na "9" si moja. Kuna 9 kwa 17, 9 kwa 18 ya Makarov, na hii 9 kwa 19, na haziazimani bastola. Ripoti ikisema "milimita 9" tu, ulizeni: tisa kwa ngapi, na kichwa cha aina gani?

Haya, pokeeni, zizungusheni hizi mbili, kila mmoja azishike.