Msamaha Wangu ni Msamaha wa Mungu: Tuongee Kuhusu Ungamo la Faragha

Wapendwa, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongee juu ya ungamo na ondoleo la dhambi, na najua wengi wenu mkisikia "kuungama kwa mchungaji" inakuja picha ya kibanda chenye pazia na padri amekaa ndani, halafu mnajiuliza hivi sisi Walutheri na hayo wapi na wapi, si ndo mambo Luther aliyafuta? Hapana jamani. Hakuyafuta. Hili neno nataka likae mezani mapema kabisa kabla hatujaenda mbele.

Chukua Ungamo la Augsburg, yaani tamko la imani la Walutheri, lile lililosomwa mbele ya Kaisari Karolo wa Tano tarehe 25 Juni 1530. Ibara ya 11 inasema ondoleo la faragha lidumishwe makanisani, ila si lazima mtu ataje dhambi zote moja moja, maana haiwezekani, na wanaleta ile Zaburi ya 19, ni nani awezaye kuyatambua makosa yake? Halafu ibara ya 25 inaanza moja kwa moja kwa kusema kwamba ungamo halijafutwa kwetu, na kwamba watu hawapewi mwili wa Bwana kabla hawajaulizwa na kuondolewa dhambi. Huo ndo msimamo wetu wa maandishi. Wachungaji wakibarikiwa wanaahidi kufundisha kufuatana na maungamo haya, kwa hiyo hatuongelei hobi ya wachache wanaopenda mambo ya zamani.

Sasa kilichobadilika ni nini? Hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndipo penye utamu. Tangu Mtaguso wa Laterani, mkutano mkuu wa kanisa, wa mwaka 1215 kila Mkristo mtu mzima alitakiwa aungame dhambi zake zote kwa padri wake angalau mara moja kwa mwaka. Shida ni hilo neno "zote". Luther akiwa mtawa alikuwa anakaa na Staupitz, aliyekuwa mkuu wake, saa nyingi anaungama, anachimba, anakumbuka, anataja, anaondoka, halafu njiani anakumbuka nyingine, anarudi. Unaona mtego ulipo? Kama msamaha unategemea orodha yako imekamilika, basi hutalala, maana ukiwa mkweli unajua haijakamilika. Na anayelala vizuri ni yule asiyejijua, ambaye hali yake ndo mbaya zaidi.

Walichofanya baba zetu ni kuhamisha uzito. Katekisimo Ndogo ya 1529, kile kitabu kifupi cha Luther cha mafundisho ya imani, sehemu ya ungamo ambayo Luther aliipanua mwaka 1531, inasema ungamo lina mambo mawili. Kwanza tunaziungama dhambi. Pili tunapokea ondoleo kutoka kwa mchungaji kama kutoka kwa Mungu mwenyewe, bila kutia shaka, tukiamini kabisa kwamba kwa hilo dhambi zimesamehewa mbinguni. La kwanza ni kazi yetu, na ni dogo, mtu anaweza kulimaliza kwa dakika mbili. La pili ni kazi ya Mungu na ndo sababu ya sisi kwenda. Mtu haendi kwa daktari ili ajieleze, anaenda ili atibiwe, kujieleza ni njiani tu.

Na angalieni jinsi Katekisimo inavyokuwa mpole hapo. Inauliza nitaje dhambi zipi? Jibu ni kwamba mbele za Mungu tujikiri kuwa na hatia ya zote hata tusizozijua, kama tunavyofanya kwenye Baba Yetu, lakini mbele ya mchungaji tutaje zile tunazozijua na zinazotuuma moyoni. Itazame nafasi yako kwa Amri Kumi, wewe ni baba, mama, mtoto, mwajiri, mfanyakazi, je umekuwa mkaidi, mvivu, mwenye hasira, umemuumiza mtu kwa neno au kwa tendo? Na asiyeona kinachomlemea asianze kujitungia dhambi ili apate cha kusema, ataje moja au mbili anazozijua, inatosha. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama kidogo. Mtu aliyeteswa na orodha akapata nafasi ya kuandika orodha kwa ajili ya wengine, akaandika "inatosha".

Sasa tuje kwenye lile swali ambalo kila mtu analo: ni nani awezaye kusamehe dhambi ila Mungu peke yake? Sawa kabisa, hakuna. Ila Mungu anatumia mdomo. Daudi aliposema "nimemfanyia BWANA dhambi", Nathani hakumwambia haya nenda ukaombe usikie moyoni utajisikiaje. Alimwambia "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Imekwisha, imesemwa, na imesemwa na mtu mwenye meno na ulimi aliyesimama pale mbele yake. Na Yesu jioni ya siku ya kufufuka anawavuvia wanafunzi, anawaambia wowote mtakaowaondolea dhambi wameondolewa. Hakusema watajulishwa kwamba huenda wameondolewa. Kwa hiyo mchungaji anaposema "nakusamehe dhambi zako kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", hatoi maoni yake juu yako wala hakutakii mema. Anafanya alichotumwa. Ndo maana kwenye ile taratibu ya Katekisimo kuna swali moja zito sana kabla ya ondoleo: "Je, unaamini kwamba msamaha wangu ni msamaha wa Mungu?" Angalia haulizi unaamini kwamba umejuta vya kutosha, haulizi utaacha kabisa kuanzia kesho, haulizi mchungaji huyu ni mtakatifu kiasi gani. Anauliza kuhusu neno. Ukijibu ndiyo, anakuambia na iwe kwako kama unavyoamini.

Kuna tofauti kubwa kati ya "Mungu akusamehe" na "nakusamehe", na mimi siku hizi nasikiliza sana jambo hili nikiwa ibadani, maana unakuta mtu ameungama na kanisa zima halafu anachopewa ni maombi mengine, ee Mungu tusamehe, utusamehe tunakuomba. Ni maombi mazuri, lakini mtu amekuja na njaa tukamwombea chakula badala ya kumpa, na chakula kipo, na kijiko tumeshika sisi.

Niwaambie na langu, maana siwezi kuwasimulia ya wengine na nitaeleza kwa nini. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa na jambo moja. Silitaji hapa, lilishatajwa palipostahili. Kila Jumapili naungama na wenzangu, nasikia ondoleo, na kila Jumapili kuna sauti inaniambia hilo ni la hawa wengine, mchungaji angelijua lako asingesema hivyo. Hiyo ndo silaha ya shetani, hakukatazi kuamini kwamba Mungu anasamehe wenye dhambi, anakukataza tu kuamini kwamba anakusamehe wewe, na hili. Siku moja nikamwomba mchungaji mmoja mzee. Nilidhani atashtuka au ataniuliza maswali. Alivaa stola yake, ule mshipi wa mabegani, akakaa kwenye kiti karibu na altare, akageuza uso pembeni kidogo ili nisimwone akinitazama, mimi nikapiga magoti. Nikasoma yale maneno kitabuni mpaka nikafika pale penye nafasi wazi, pale unapotakiwa useme yako. Nilikaa kimya muda mrefu sana na yeye hakunisaidia, alisubiri tu. Nikasema. Sentensi moja, labda mbili. Halafu nikahisi mkono wake kichwani, mkono mzito wa mzee, unatetemeka kidogo, na akasema yale maneno kwa jina langu. Kwa jina langu jamani. Hapo ile sauti ikakosa pa kushika, maana sasa alikuwa analijua, na amesema vilevile.

Hicho ndicho Luther alikuwa anakitetea. Mwaka 1522 alirudi Wittenberg akakuta mambo yamevurugika, watu wanafuta kila kitu kwa haraka na kwa nguvu, akahubiri siku nane mfululizo, na ile hotuba ya mwisho ilihusu ungamo. Alikataa watu kulazimishwa, kabisa, lakini alisema yeye binafsi hatakubali mtu amnyang'anye ungamo la faragha hata kwa hazina za dunia nzima, kwa sababu anajua lilivyomfariji na kumtia nguvu. Na baadaye kwenye Katekisimo Kubwa anatoa mfano wa maskini ombaomba anayesikia mahali fulani wanagawa pesa na nguo, je, huyo anahitaji askari wa kumsukuma? Atakimbia mwenyewe. Anasema nikikuhimiza uende kuungama nakuhimiza tu uwe Mkristo. Na yeye alikuwa na wake wa kumwungamia, Bugenhagen, mchungaji wa kanisa la mji pale Wittenberg.

Huyo Bugenhagen yupo kwenye picha ya altare ya kanisa hilohilo, kazi ya mchoraji Cranach ya 1547. Kushoto Melanchthon, mwenzake Luther, anabatiza, katikati ni Chakula cha Bwana, na kulia ni Bugenhagen ana funguo mbili, moja kila mkono, yaani mamlaka ya kuondoa dhambi na ya kufunga. Upande mmoja kuna mtu amepiga magoti anaondolewa dhambi. Upande wa pili kuna mwingine anaondoka, na mikono yake imefungwa. Naipenda picha ile kwa sababu haifichi ufunguo wa pili. Kufunga kupo. Mtu anayesema dhambi yangu naijua na naendelea nayo na usiniguse, huyo hatuna ruhusa ya kumwambia umesamehewa, tukimwambia tunamwua. Lakini ufunguo wa kufunga unatumika kwa ajili ya siku ya kufungua, na mchungaji anayeufurahia hajauelewa.

Basi tulilipotezaje? Historia ni ndefu, nitapita haraka. Kwa zaidi ya miaka 150 Walutheri Ujerumani waliungama kwa mchungaji kabla ya Chakula cha Bwana. Ila ikageuka desturi, foleni ndefu, watu wanakariri maneno yaleyale, na mahali pengine kulikuwa na ada kwa mchungaji, jambo lililotia harufu mbaya. Mwishoni mwa miaka ya 1690 huko Berlin mchungaji mmoja, Johann Caspar Schade, dhamiri yake ilimsumbua kuwatamkia ondoleo watu asiojua kama wametubu, akaanza kupinga, mwaka 1698 mtawala akaagiza liwe hiari, na kidogokidogo likafifia, likabaki lile la pamoja. Namwonea huruma Schade, aliona kosa la kweli. Lakini dawa aliyotoa iliondoa ugonjwa pamoja na mgonjwa.

Sasa mambo ya kivitendo, maana najua mmeyasubiri. Mchungaji haruhusiwi kusema alichosikia. Kwa mke wake, kwa askofu, kwa wazee wa kanisa, kamwe, na hata kwenye mahubiri kwa mfano wa "kuna mtu mmoja alinijia". Mchungaji anayefanya hivyo ameziba mlango kwa usharika mzima. Ndo maana mimi nimesimulia langu tu. Pili, ungamo sio ushauri nasaha. Ushauri una nafasi yake, una saa yake na maswali yake, lakini ukivichanganya mtu anakuja na dhambi anaondoka na mipango. Mchungaji akitaka kuongeza kitu aongeze Maandiko, Katekisimo inasema hivyo, kwa wenye dhamiri iliyolemewa azidishe maneno ya kuwafariji. Na hakuna adhabu ya kutumikia baadaye. Umeiba, rudisha, hiyo ni haki ya jirani yako, lakini hujalipia msamaha.

Halafu wekeni muda unaojulikana. Hili ni dogo na ndo linaua. Wachungaji wanasema mlango wangu uko wazi wakati wowote, na hakuna anayekuja, kwa sababu kuja "wakati wowote" ni lazima upige simu na uulizwe kuna nini. Tangazeni Jumamosi jioni saa fulani mchungaji yupo kanisani, ataketi pale hata asipokuja mtu, na aketi kweli, mwezi wa kwanza ataketi peke yake na aombe. Na yeye mwenyewe awe na mchungaji anayemwungamia, la sivyo anauza dawa asiyoinywa.

Dada pale nyuma ameuliza kabla hatujaanza, je, kama mchungaji wangu hajawahi kufanya hivi na hajui aanzie wapi, mimi nifanyeje? Dada yangu, usimlaumu, huenda hakuna aliyewahi kumfanyia. Chukua Katekisimo Ndogo, fungua pale kwenye ungamo, weka alama, mpelekee. Mwambie baba, naomba unisomee hapa, sehemu yangu nitaisoma mimi. Halafu piga magoti.