Saa Mbili Mkononi

Mabibi na mabwana, hebu tazameni saa zenu. Mshale mfupi uko kwenye nane, na nikiuliza ni saa ngapi, ukumbi mzima utanijibu: saa mbili. Hakuna aliyepiga hesabu. Anayeshangaa ni mtoto anayefundishwa kusoma saa, naye ndiye mwenye haki.

Hesabu yetu inafuata jua. Likichomoza tunaanza, likizama tunaanza upya. Siku ya serikali huanza katikati ya giza, saa sita za usiku, wakati ambao katika ngano zetu ni wa wanga na mizimu. Ulimi haujaikubali sana: bado tunasema “usiku wa kuamkia Ijumaa”, usiku ukiwa mali ya siku inayokuja.

Wala tusidhani tulikuwa hatuna saa. Pwani ilikuwa na adhana tano, kusi na kaskazi. Dakika yenye adhabu ndiyo iliyokuja na manowari. Tarehe 27 Agosti 1896, huko Zanzibar, Waingereza walimpa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, mpaka saa tatu asubuhi awe ameondoka kasrini. Dakika mbili baadaye mizinga ikalia, na vita vikaisha kabla dakika sitini hazijatimia. Baadaye, bara, kikaja kipande, kadi ya kibarua wa wakoloni: siku 30 za kazi kwenye kadi, na siku usiyofanya kazi haikuhesabiwa. Ulikuwa hai siku hiyo, lakini kwenye kadi haipo.

Juma letu nalo lina siku mbili za tano! Jumatano ni ya tano ukianzia Jumamosi. Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu, ukianzia Jumapili. Ofisi ikaleta hesabu yake, inayoanza Jumatatu, siku ambayo jina lake lenyewe linasema ni ya tatu. Anayetuambia Mwafrika hajui kuhesabu wakati, mimi humwomba anipangie hizo siku saba.

Sasa hadithi. Wazee walikataza kusimulia mchana: utaota pembe. Kitisho kilikuwa na kazi yake, kwani Paukwa ilisubiri jembe liwekwe chini. Shule ya kikoloni ikaipa ngano kipindi, mchana kweupe, baada ya hesabu, na shule zetu zikairithi ratiba hiyo. Mwalimu anasema Paukwa, darasa linaitika Pakawa. Pembe hazioti. Ila kengele hulia Sungura akiwa bado kisimani.